Mtoto Anayechanganya Kiebrania na Kiingereza Hajachanganyikiwa

Siku hizi ni vigumu kukaa jioni na simu mkononi bila kukutana na video fupi ya mtoto wa miaka minne au mitano anayezungumza lugha mbili kwa pumzi moja. Zipo za Kihispania na Kiingereza, zipo za Kifaransa na Kiarabu, na zipo za familia za Israeli, au za Waisraeli wanaoishi Marekani, ambamo mtoto anamlalamikia mama yake kwa Kiingereza kwamba dada yake ni "angry on me", kwamba yeye mwenyewe anaogopa "from the dog", na kwamba leo kule chekechea "we did fun". Wazazi wanacheka, watazamaji wanacheka, na baada ya kicheko huja hukumu. Wako wanaosema kwamba mtoto amechanganyikiwa, na kwamba wazazi wangemtendea wema kama wangechagua lugha moja wakaishika. Wako wanaosema kwamba huo ni utani wa watoto tu, wala hakuna la kujadili. Naona pande zote mbili zimelipita jambo lenyewe. Kosa la mtoto wa lugha mbili, hasa lile linalotuchekesha, mara nyingi ndilo ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba sarufi mbili zinafanya kazi kichwani mwake kwa wakati mmoja. Kinachostahili kuwatia wazazi wasiwasi ni siku ambayo mtoto ataacha kuchanganya kwa sababu lugha mojawapo imenyamaza, na siku hiyo haina video, kwa kuwa hakuna cha kuchekesha ndani yake.

Kiebrania na Kiingereza hukutana katika nyumba za aina mbili, na ni vyema kuzitenganisha mapema, kwa sababu makosa ya watoto wake hufanana ilhali hatima ya lugha zao hutofautiana. Aina ya kwanza ni nyumba za wahamiaji waliotoka Marekani, Uingereza, Kanada, Afrika Kusini au Australia wakaenda kuishi Israeli, katika miji kama Ra'anana, Modi'in na Beit Shemesh, au katika mitaa ya Yerusalemu ambamo Kiingereza husikika dukani na katika sinagogi. Mtoto wa nyumba hiyo huishi na Kiingereza cha wazazi hadi anapoanza chekechea, ambayo kwa Kiebrania huitwa "gan" na ambayo serikali huigharimia kuanzia umri wa miaka 3. Tangu siku hiyo Kiebrania humzunguka kutwa nzima, na haichukui muda kabla hakijamfuata hadi mezani. Aina ya pili ni nyumba za Waisraeli waliohamia Los Angeles, New York, New Jersey au London, ambako Kiebrania ndicho kilichobaki ndani ya mlango na Kiingereza ndicho kinachotawala nje. Tangu Oktoba 2023 Waisraeli wengi zaidi kuliko awali wamehamia nchi nyingine, na wakati huohuo wako wanaoendelea kuingia Israeli kutoka nchi zinazosema Kiingereza, hivyo idadi ya watoto waliosimama kati ya lugha hizi mbili haipungui.

Tuanze na jambo ambalo lingetazamiwa kuwachanganya watoto hawa kuliko yote. Kwa Kiebrania, "hu" ni yeye mwanamume, "hi" ni yeye mwanamke, na "mi" ni nani. Sikio la Kiingereza husikia hapo "who", yaani nani. "He", yaani yeye mwanamume. Na "me", yaani mimi. Samaki huitwa "dag", na Mmarekani akilisikia neno hilo huona mbwa. Kwetu sisi ambao neno letu "yeye" halijali jinsia, mkasa huu hauonekani upesi, lakini walimu wa Kiebrania wamewachekesha nao wanafunzi wapya kwa miongo mingi, na watu wazima huendelea kuuangukia kwa muda mrefu. Kama kichwa cha mtoto kingekuwa na lugha moja tu ambamo maneno yote yamemiminwa bila utaratibu, hapa ndipo angepotea kabisa: kila mara angemwita shangazi kwa neno la mjomba, na mezani angekataa kula mbwa. Sivyo inavyotokea. Mtoto aliyelelewa na lugha zote mbili hujua kwamba sauti ileile ina maana moja akiwa na mwalimu wake wa chekechea na maana nyingine akiwa na bibi yake kwenye simu. Anayeshtuka ni bibi. Akiambiwa na mjukuu wa miaka 4 kwamba anaipenda sana "gan" yake, bibi wa New York ana haki ya kutulia kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu sikio lake limesikia bunduki.

Makosa yanayojaza video hizo ni ya namna nyingine, na ukiyatazama kwa makini utaona kwamba yana mpangilio. Chukua vihusishi. Kwa Kiebrania mtu huogopa kutoka kwa kitu, na hukasirika juu ya mtu. Vihusishi vyake ni "mi", ambayo hapa ina maana ya kutoka wala si nani, na "al". Mtoto anaposema kwa Kiingereza kwamba anaogopa "from the dog", maneno yote ni ya Kiingereza, mpangilio wa sentensi ni wa Kiingereza, hata matamshi ni ya Kiingereza. Kilichotoka upande wa pili ni uhusiano kati ya kitenzi na kile kinachoogopwa. Naye hakukosea kwa uzembe, maana uhusiano huo hauna mantiki ya kuzaliwa nayo: Kiingereza kimechagua "of" bila sababu ambayo mtoto angeweza kuigundua kwa kufikiri, Kiebrania kimechagua kingine, na Kiswahili hakitumii chochote tunaposema tunaogopa mbwa, ilhali tukimkasirikia mtu tunauingiza uhusiano huo ndani ya kitenzi chenyewe. Mtoto ambaye bado hajasikia sentensi ya Kiingereza mara za kutosha huziba pengo kwa kanuni anayoijua kutoka lugha yake nyingine, kama ambavyo mtu mzima mwenye busara angefanya. Ndivyo ilivyo pia kwa "we did fun", ambayo ni "asinu kef" ya chekechea iliyovaa maneno ya Kiingereza, na kwa mtoto anayesema "I went down from the bus". Msemaji wa Kiswahili hawezi hata kuona kosa hapo, kwa kuwa nasi, kama Waebrania, tunashuka kwenye basi.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa vitenzi. Mtoto anayechora picha huulizwa anafanya nini, naye hujibu "I'm metzayering". Kwa Kiebrania, "metzayer" ni umbo la wakati uliopo la kitenzi cha kuchora. Mtoto amelichukua umbo hilo zima, akaliweka mahali ambapo Kiingereza hudai kitenzi, akatanguliza "I'm" na kumalizia na kiambishi "-ing" ambacho Kiingereza hulazimisha mahali hapo. Hakukiweka kiambishi hicho mbele ya neno, na hakukisahau. Ili kutoa neno moja la namna hiyo, inambidi ajue ni lugha gani inayobeba sentensi, ni sehemu gani ya sentensi inayoweza kuazimwa, na ni sehemu gani isiyoazimika. Jambo hili lina uhusiano wa karibu na sisi. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyependekeza katika mwaka 1993 kwamba katika kila mchanganyiko kuna lugha moja inayotoa fremu ya sentensi na nyingine inayopachikwa ndani yake, aliijenga nadharia hiyo kwa sehemu kubwa kwa kusikiliza mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza jijini Nairobi. Mkenya anayetanguliza "ana-" kwenye kitenzi cha Kiingereza na mtoto wa Ra'anana anayefungia kitenzi cha Kiebrania kwa "-ing" wanafanya kazi ileile, na wote wawili wanaifanya kwa usahihi ambao hawakufundishwa na mtu yeyote.

Sehemu nyingine ya makosa haihusiani hata kidogo na lugha ya pili. Mtoto wa Boston asiyejua neno moja la Kiebrania husema "goed" badala ya "went", kwa sababu ameigundua kanuni ya wakati uliopita na anaitumia hata mahali pasipotakiwa. Jean Berko alionyesha mwaka 1958, kwa kuwapa watoto maneno aliyoyabuni mwenyewe, kwamba wanazishika kanuni za maumbo na wala hawakariri maneno tu. Mtoto wa Tel Aviv asiyejua Kiingereza naye huambiwa kwamba yai ni "beytza", neno lenye sura ya kike, akajaribu kulipa kiambishi cha wingi cha kike, akarekebishwa kwamba wingi wake ni "beytzim". Tunapomsikia mtoto wa lugha mbili akikosea makosa hayohayo, tunayaandika kwenye hesabu ya lugha mbili. Huo ni upimaji usio wa haki, na naamini ndio chanzo cha nusu ya hofu ya wazazi.

Hofu hiyo ina historia, na historia hiyo ilikuwa na wataalamu wake. Mwaka 1923 D. J. Saer alichapisha utafiti kutoka Wales uliodai kwamba watoto wa lugha mbili walikuwa nyuma kiakili, ingawa tofauti aliyoiona ilikuwa kwa watoto wa vijijini na haikuonekana kwa wale wa mjini, jambo lililopaswa kumwelekeza kwenye maisha ya vijijini kabla ya kuishtaki lugha. Imani hiyo ilikaa kwa miongo minne hadi Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowalinganisha watoto wa miaka 10 jijini Montreal, mwaka 1962, kwa uangalifu zaidi kuhusu hali za familia, wakaona kwamba wenye lugha mbili walifanya vizuri zaidi. Hata baada ya hapo hoja ya kuchanganyikiwa ilirudi kwa sura ya kisayansi zaidi: mwaka 1978 Virginia Volterra na Traute Taeschner, wakiwatazama watoto wa Kiitaliano na Kijerumani, walipendekeza kwamba mtoto huanza na mfumo mmoja, na kwamba lugha hutengana baadaye kwa hatua. Lilikuwa pendekezo la kuheshimika, na liliungwa mkono na wengi. Lakini mwaka 1989 Fred Genesee wa Chuo Kikuu cha McGill aliuliza swali sahili ambalo lilikuwa limepuuzwa: je, mtoto huyo huchanganya sawasawa na kila mtu? Yeye na wenzake waliporekodi watoto wadogo wa Kifaransa na Kiingereza, walikuta kwamba hata wale ambao bado wanaunganisha maneno mawili mawili walitumia zaidi lugha ya mama wakiwa na mama na zaidi lugha ya baba wakiwa na baba. Asiyezitofautisha lugha hawezi kuwapangia wasikilizaji wake.

Hoja yenye uzito zaidi dhidi yangu, hata hivyo, inatoka katika historia ya Kiebrania chenyewe. Lugha hiyo ilikuwa imeacha kuwa lugha ya mama kwa karne nyingi, ikabaki ya sala, ya maandiko na ya wanazuoni, mpaka Eliezer Ben-Yehuda alipofika Palestina mwaka 1881 na kuapa kwamba nyumbani kwake hakitasemwa kingine. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1882 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Itamar Ben-Avi, hutajwa kuwa mtoto wa kwanza wa zama hizi kulelewa kwa Kiebrania pekee. Kwa masimulizi ya mtoto huyo mwenyewe, baba alipomkuta mama akimwimbia wimbo wa Kirusi alighadhibika vikali. Vuguvugu hilo liliendelea: mwaka 1913 walimu na wanafunzi waligoma kupinga Kijerumani kuwa lugha ya kufundishia katika chuo cha ufundi cha Haifa, na mwaka 1923 vijana wa Tel Aviv waliunda kikosi cha kuitetea lugha, kilichowahimiza watu barabarani kwa kauli ya "Ivri, daber ivrit", yaani Mwebrania, sema Kiebrania. Wanaotetea usafi wa lugha wana haki ya kuuliza: kama wazee hao wangeruhusu mchanganyiko ambao wewe unausifu, leo kungekuwa na Kiebrania cha kuchanganywa?

Swali hilo sistahili kulijibu kwa wepesi. Naamini ukali ule ulikuwa na kazi yake, kwa sababu lugha isiyo na mtoto hata mmoja anayeisema tangu utotoni haina akiba ya kupoteza. Lakini hali ya mwaka 1882 haipo tena, kwa kuwa Kiebrania sasa kina bunge, mahakama, jeshi, vyuo vikuu na mamilioni ya wasemaji, na mtoto mmoja wa Modi'in hawezi kukiua kwa kusema "metzayering". Tena Kiebrania kilichoshinda hakikuwa safi. Salamu yake ya kila siku, "ma nishma", imefuata muundo wa Kiyidishi neno kwa neno. Waingereza walipotawala Palestina hadi mwaka 1948, magari na karakana zao zilileta "pancher" kwa tairi lililotoboka na "breksim" kwa breki, neno ambalo lina wingi wa Kiingereza na wingi wa Kiebrania juu yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hayo, kwa kuwa pancha na breki zilitufikia kwa njia hiyohiyo. Tanganyika na Palestina zote ziliwekwa rasmi chini ya Uingereza na Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, katika mwezi uleule wa Julai 1922. Akademia ya Kiebrania, iliyoundwa mwaka 1953, ina neno lake zuri la tairi lililotoboka, "teker", na madereva wanaendelea kusema "pancher". Kuhusu Ben-Avi, aliyefungiwa ndani ya lugha moja kuliko mtoto yeyote wa zama zake, alikua akawa mwandishi wa habari, na kufikia miaka ya 1920 alikuwa akipigania Kiebrania kiandikwe kwa herufi za Kilatini.

Iko hoja nyingine, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayowafikia wazazi wakiwa na hofu zaidi. Husemwa kwamba kuchanganya ni dalili ya kuchelewa kusema, na kwamba mtoto akionekana kuwa na shida, dawa ya kwanza ni kuiacha lugha ya nyumbani. Ushahidi hauungi mkono hata nusu yake. Watoto wa lugha mbili hutamka maneno ya kwanza na kuunganisha maneno mawili ndani ya muda uleule unaotazamiwa kwa watoto wengine. Msamiati wao katika kila lugha ikipimwa peke yake unaweza kuwa mdogo, lakini maana wanazozijua zikihesabiwa kwa lugha zote mbili pengo hupungua sana au kutoweka. Hilo lilionyeshwa na Barbara Zurer Pearson na wenzake kwa watoto wa Miami mwaka 1993. Hata kwa watoto ambao kweli wana tatizo la lugha la kuzaliwa nalo, Johanne Paradis na wenzake waliona mwaka 2003 kwamba wale wa Kifaransa na Kiingereza hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa lugha moja wenye tatizo hilohilo. Na kwa lugha tunazozizungumzia hapa, kazi ya maana zaidi imefanywa katika Chuo Kikuu cha Bar-Ilan na Sharon Armon-Lotem, Joel Walters na wenzao, ambao wamewachunguza watoto wa Kiingereza na Kiebrania na wale wa Kirusi na Kiebrania. Swali lao ni lile ambalo kliniki inapaswa kuuliza: kosa hili linatoka wapi? Mtoto anayesema "angry on me" amebadilisha kihusishi kwa kufuata lugha yake nyingine, na kosa lake lina asili inayoonekana. Mtoto anayeacha vihusishi kabisa, au anayeweka visivyotoka katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, anahitaji kuangaliwa kwa jicho jingine. Armon-Lotem aliongoza kuanzia 2009 hadi 2013 mtandao wa watafiti wa nchi nyingi za Ulaya uliotengeneza vipimo vya kutofautisha hali hizo mbili, kwa sababu bila vipimo hivyo watoto wazima hupelekwa kwenye tiba wasiyoihitaji, na wagonjwa huambiwa kwamba ni lugha mbili tu, itapita.

Kuna jambo jingine ambalo ushauri huo haulioni. Mama aliyekulia Manchester na aliyejifunza Kiebrania akiwa na miaka 30 akiambiwa aache Kiingereza, atamlea mtoto kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hana hadithi zake, hana nyimbo zake za kulaza mtoto, hana maneno ya kumfariji mtoto aliyeumia. Mtoto hatapata Kiebrania kizuri kutoka kwake, kwa sababu tayari anakipata kizuri zaidi chekechea. Atapoteza Kiingereza kizuri ambacho hakuna mwingine wa kumpa.

Sitaki nionekane nimeukimbia upande wa pili wa kutia chumvi. Wako wanaouza lugha mbili kama dawa ya akili, wakidai kwamba zinamfanya mtoto awe makini zaidi na kumlinda na usahaulifu wa uzeeni. Ellen Bialystok wa Toronto alitoa matokeo ya kuvutia kuhusu uwezo wa kudhibiti usikivu, lakini watafiti wengine wamejaribu kuyarudia na mara nyingi hawakuyapata, na mjadala huo haujafungwa. Sioni haja ya kuegemea hapo. Mtoto anayeweza kuzungumza na babu zake wa pande zote mbili ana faida ya kutosha bila kupimwa ubongo. Vilevile wanaoshauri kila mzazi ashike lugha yake, kwa mfano uliotolewa na Jules Ronjat aliyemlea mwanawe kwa Kifaransa na Kijerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1913, wana hoja ya kweli ndani ya kanuni yao, ingawa si ile wanayoitaja. Kanuni hiyo haifanyi kazi kwa sababu inazuia mchanganyiko. Inafanya kazi pale inapohakikisha kwamba lugha yenye wasemaji wachache karibu na mtoto inapata saa zake, kila siku, kutoka kwa mtu ambaye mtoto anataka kuzungumza naye.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika nyumba nyingi za wahamiaji wa Israeli, mtoto wa kwanza huingia chekechea na Kiingereza, huchanganya kwa miaka miwili au mitatu, kisha Kiebrania humshinda. Wadogo zake hulelewa wakimsikia yeye, na ndugu huanza kuzungumza Kiebrania baina yao. Wazazi huuliza kwa Kiingereza, watoto hujibu kwa Kiebrania, na kila mtu anaelewana, kwa hiyo hakuna anayeona kilichopotea. Kiingereza kina bahati ya kuwa na heshima kubwa nchini humo, kinafundishwa shuleni na kinasikika kila mahali, kwa hiyo mtoto anaweza kukirudia ukubwani. Upande wa Marekani hakuna bahati hiyo. Mtoto wa Waisraeli huko Los Angeles anayeacha kujibu kwa Kiebrania akiwa na miaka 6 hana shule itakayomrudishia, isipokuwa wazazi wamtafutie kwa gharama na jitihada. Mwaka 1991 Lily Wong Fillmore, baada ya kuhoji zaidi ya familia 1,000 za wahamiaji wa lugha mbalimbali nchini Marekani, alieleza jinsi watoto waliotumbukizwa mapema katika Kiingereza cha shule za awali walivyoiacha lugha ya nyumbani, na jinsi wazazi walivyojikuta hawawezi tena kuzungumza na watoto wao mambo mazito. Watoto hao waliacha kuchanganya. Kwa kipimo cha wanaochukia mchanganyiko, walifaulu.

Ndiyo maana kicheko chetu kina uzito kuliko tunavyodhani. Sisemi wazazi wasicheke. Maneno haya yanachekesha, na nyumba isiyo na kicheko si mahali pazuri pa kujifunzia chochote. Lakini mtoto wa miaka 5 hutofautisha kicheko cha upendo na kicheko cha watu wasiomjua, na akiona kwamba kila anapojaribu lugha ile dhaifu simu inainuliwa na anaombwa arudie kosa lake ili wageni walione, njia rahisi ya kujilinda ni kujibu kwa lugha ile ambayo hakosei. Mzazi anayejibu "Oh, you're afraid of the dog?" na kuendelea na habari za mbwa amempa mtoto sentensi sahihi bila kumvunjia mazungumzo, na mtoto ataipata tena kesho na keshokutwa mpaka imkae. Haya yanawahusu pia wasemaji wa Kiswahili wanaolea watoto mbali, Wakongo wa Kentucky na Texas, Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa London, ambao mara nyingi huwatumia ndugu zao nyumbani sauti za watoto wakivuruga ngeli, na ndugu hujibu kwa vicheko na kwa maneno kwamba mtoto huyu sasa ni Mzungu. Mtoto akiyasikia hayo mara za kutosha atayaamini.

Kama wazazi wanapenda kuyahifadhi makosa hayo, na ni vizuri wayahifadhi, liko zoea la zamani lililo bora kuliko video. Ronjat alikuwa baba mwenye kalamu. Werner Leopold, aliyeandika maendeleo ya binti yake katika Kijerumani na Kiingereza kwa juzuu nne kati ya 1939 na 1949, alikuwa vivyo hivyo, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu watoto hawa ilianzia katika kumbukumbu kama hizo. Daftari lenye tarehe, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na jina la aliyekuwa akizungumza naye, halihitaji elimu ya isimu. Mwalimu wa chekechea au mtaalamu wa tiba ya usemi akipewa daftari hilo ataona kwa nusu saa jambo ambalo kipimo cha lugha moja hakiwezi kumwonyesha: kama makosa ya Machi ni tofauti na makosa ya Septemba, kama yana asili katika lugha mojawapo, na kama mtoto bado anakosea katika lugha zote mbili.